Mwiko Uliotoka Sufuria Nyingine

Kila muhula unapokaribia, wazazi wenzetu hutuuliza swali lile lile: mtoto amepangiwa chuo Musoma, au Bunda, au Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Nyerere kule Butiama, je, atakula nini?

Swali hili si la ulafi. Mara ni mkoa wa Wakurya, Wajita, Wazanaki, Waluo, Waikizu na wengineo, na vyuo huwakutanisha hao na wageni wa Tanga na Kigoma. Mmoja amelelewa kwa ugali wa mtama na muhogo, mwingine anatafuta wali wa nazi asiupate. Hayo ni mazoea, nayo hulainika baada ya wiki chache (ingawa mtu wa Tanga huikumbuka nazi yake mpaka mahafali). Halali na haramu ni jambo jingine.

Nyama ya ng'ombe aghalabu haina taabu, kwani desturi ya nchi ni kumwachia Muislamu kisu ili wote wale. Hata hivyo desturi hiyo haijilindi yenyewe: mwaka 2013, kule Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa kuchinja ulitoa uhai wa mtu. Taabu ya kila siku imo jikoni: mwiko uliokoroga nguruwe ukarudishwa kwenye maharage, au mafuta yaliyokaangia hiki yakakaangia na kile. Binti mmoja alitusimulia kwamba alikula mkate mkavu juma zima kwa kuona haya kuuliza.

Aliyemtoa haya ni mwenzake wa bweni, Msabato. Huyo naye hali nguruwe, wala hali kambare kwa kuwa hana magamba, ilhali kwetu kambare ni halali na hahitaji kuchinjwa. Walimwendea mpishi pamoja, wakaomba sufuria na mwiko wa peke yake, na dagaa au sato siku za nguruwe. Mpishi alikubali. Alisema hakuna aliyewahi kumwomba.

Basi, wazazi, kabla ya kufunga sanduku, mzoesheni kijana kuuliza kwa adabu: nani amechinja, mafuta gani, mwiko upi, wala asimkunjie uso mwenzake anayekula asichokula yeye. Ramadhani ikikaribia, amwone mlezi wa wanafunzi mapema kuhusu daku, maana mpishi anayewasha moto saa kumi na mbili asubuhi huwakuta wenzake wamekwisha kufunga.