Shahidi wa Tatu Alikuwa Mfuko wa Unga

HESABU ZA NYUMBANI

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili nakusimulia habari ya nyumba moja mtaani kwetu, ambamo kilichokaribia kupotea bila habari hakikuwa mali, bali heshima ya binti wa miaka 17.

Mama wa nyumba hiyo hukaanga maandazi na kupika chapati, akawauzia wafanyakazi wanaopita alfajiri kwenda kazini. Andazi ni shilingi 200 na chapati ni shilingi 500. Msaidizi wake ni mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, aliyeletwa kutoka kijijini. Jumamosi moja mama huyo alipata habari ya msiba. Alifungua mfuko mpya wa unga wa ngano wa kilo 25, akamwachia binti kazi yote, naye akaondoka kabla ya mapambazuko.

Aliporudi jioni alikuta masinia yote sita yamekwisha. Kila sinia hupangwa vipande 30, kwa hiyo vilikuwa vimeuzwa vipande 180. Katika kopo la fedha mlikuwa na shilingi 57,000.

Mama akapiga hesabu ya haraka. Kwa desturi yake, nusu ya vipande huwa maandazi na nusu huwa chapati. Maandazi 90 ni shilingi 18,000. Chapati 90 ni shilingi 45,000. Jumla shilingi 63,000. Basi zimepungua shilingi 6,000! Binti alijitetea kwamba siku ile alipika chapati chache, kwa kuwa kusukuma peke yake kulimchelewesha, lakini hakukumbuka ni ngapi. Mama hakusadiki. Hadi tunaingia usiku, nauli ya basi la Jumatatu la kumrudisha binti kijijini ilikuwa imekwisha kuwekwa mezani chini ya kitambaa.

Siku ya pili yake, Jumapili, niliitwa kama jirani kusikiliza shauri lile. Nilimkuta binti amejiinamia karibu na mlango, na bibi wa nyumba ameketi mkekani. Kwa kuwa nina mazoea ya kutembea na kalamu, nilidhani dawa ninayo mfukoni.

Nikawaambia: “Tatizo lenu lina mafumbo mawili, idadi ya maandazi na idadi ya chapati. Maandazi tuyaite M, chapati tuziite C.” Nikaandika:

M + C = 180
200M + 500C = 57,000

Maneno kama hayo, yenye alama ya usawa katikati, huitwa milinganyo. Mfano wake ni mizani: upande wa kushoto lazima ulingane na upande wa kulia. Njia nyepesi ya kuifumbua ni hii. Tuseme vipande vyote 180 vilikuwa maandazi. Fedha zingekuwa 180 mara 200, yaani shilingi 36,000. Lakini zilizopo ni 57,000, nazo zimezidi kwa 21,000. Kila unapoondoa andazi na kuweka chapati mahali pake, fedha huongezeka kwa shilingi 300. Gawanya 21,000 kwa 300, utapata 70. Basi chapati zilikuwa 70 na maandazi 110.

Nikaweka kalamu chini kwa kujiona. “Mnaona? Binti hana hatia. Alipika chapati 70 tu.”

Bibi alikuwa kimya muda wote huo. Akacheka kidogo, kisha akaniuliza: “Mwanangu, si hizo fedha ndizo zinazobishaniwa? Mshtakiwa unamfanyaje shahidi?”

Ndugu msomaji, nilitahayari. Bibi alisema kweli tupu. Hesabu yangu ilikuwa imeanza kwa kusadiki kwamba shilingi 57,000 ni fedha zote za mauzo, ikaishia kuthibitisha neno lilelile. Lau binti angekuwa amechukua shilingi 6,000, hesabu yangu ingetoa jibu lilelile la chapati 70, nalo lingekuwa la uongo. Kadhalika mama naye alikuwa amekosea, maana alimleta shahidi ambaye hakuwapo jikoni siku ile, yaani desturi ya nusu kwa nusu.

Tulihitaji shahidi mwingine asiyehusika na kopo la fedha. Tulimpata jikoni: mfuko wa unga.

Mama ana kipimo chake asichokibadili. Kilo moja ya unga humpa chapati 10 au maandazi 20. Tulibeba mfuko hadi duka la jirani, tukauweka kwenye mizani. Zilikuwa zimebaki kilo 12 na nusu. Maana yake zilizotumika ni kilo 12 na nusu pia. Nikafuta milinganyo yangu ya kwanza, nikaandika mingine isiyotaja hata senti moja. Andazi moja hula gramu 50 za unga, na chapati moja hula gramu 100:

M + C = 180
50M + 100C = 12,500

Tukirudia njia ileile, maandazi matupu 180 yangekula gramu 9,000. Zilizozidi ni gramu 3,500. Kila chapati huongeza gramu 50. Gawanya 3,500 kwa 50: chapati 70! Maandazi 110.

Sasa ndipo tulipoligeukia kopo la fedha. Maandazi 110 kwa shilingi 200 ni 22,000. Chapati 70 kwa shilingi 500 ni 35,000. Jumla shilingi 57,000. Haikupungua hata thumni.

Mtu anaweza kuuliza, je, vipimo vya jikoni ni vya kuaminiwa hivyo? Ni kweli kwamba mkono wa mpishi si mizani ya sonara. Donge moja huweza kuzidi jingine. Lakini kama mama angekuwa amesema kweli, kwamba chapati zilikuwa 90 na maandazi 90, unga uliotumika ungekuwa kilo 13 na nusu. Tofauti ya kilo nzima haiwezi kufichwa na madonge.

Mama alimwita binti, akamwomba radhi mbele yetu sote. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Niliporudi nyumbani nililitafakari jambo lile, nikaona kwamba ndani yake mna kanuni mbili zinazomfaa kila mwenye duka, genge, cherehani au mshahara. Ya kwanza: mafumbo yakiwa mawili, taarifa moja haitoshi, yakiwa matatu, taarifa mbili hazitoshi. Ya pili, ambayo wengi huisahau: taarifa hizo lazima kila moja ilete neno jipya. Mashahidi wawili wanaorudia maneno ya mtu mmoja ni shahidi mmoja.

Tuchukue mfano wa biashara. Mwenye mgahawa hutuma kijana kwa muuzaji wa jumla kununua unga, sukari na mafuta. Stakabadhi zimeandikwa jumla tu, bila bei ya kila kitu. Safari tatu zilikuwa hivi, bei zikiwa hazikubadilika:

Safari ya kwanza: unga kilo 5, sukari kilo 2, mafuta lita 1, shilingi 21,000.
Safari ya pili: unga kilo 5, sukari kilo 1, mafuta lita 2, shilingi 23,000.
Safari ya tatu: unga kilo 10, sukari kilo 3, mafuta lita 2, shilingi 39,000.

Badala ya kuandika maneno mengi, wataalamu hupanga namba peke yake katika jedwali lenye mistari ya kulala na safu za kusimama:

5   2   1   |   21,000
5   1   2   |   23,000
10   3   2   |   39,000

Mpango huu wa namba huitwa matriksi. Jina hilo lisikutishe; ni daftari la duka lililovuliwa maneno. Sharti lake ni moja: kila kitu kikae katika safu yake, unga kwa unga, sukari kwa sukari. Ukishapanga hivyo unaruhusiwa kujumlisha mstari na mstari, au kutoa mmoja katika mwingine, ili mafumbo yapungue.

Jumlisha mstari wa kwanza na wa pili. Utapata 10, 3, 3, na shilingi 44,000. Toa mstari wa tatu. Unga unatoweka, sukari inatoweka, inabaki lita moja ya mafuta kwa shilingi 5,000. Rudi kwenye mstari wa kwanza na wa pili, ondoa bei ya mafuta. Wa kwanza utakuwa unga kilo 5 na sukari kilo 2 kwa shilingi 16,000. Wa pili unga kilo 5 na sukari kilo 1 kwa shilingi 13,000. Toa: kilo ya sukari ni shilingi 3,000. Basi kilo ya unga ni shilingi 2,000. Sasa mwenye mgahawa anaweza kulinganisha bei hizo na za muuzaji mwingine.

Lakini tazama hatari iliyopo. Kama safari ya tatu ingekuwa unga kilo 10, sukari kilo 3 na mafuta lita 3 kwa shilingi 44,000, tusingepata kitu, maana hiyo ni safari ya kwanza na ya pili zilizojumlishwa tu. Stakabadhi ni tatu, lakini taarifa ni mbili. Na kama vitu hivyohivyo vingeandikwa shilingi 45,000, mashahidi wangekuwa wanapingana: ama bei ilipanda, ama mtu amekosea kuandika, ama kuna mkono mrefu. Hesabu haitakuambia ni lipi kati ya hayo. Itakuambia tu kwamba pana la kuulizwa. Na kuuliza, ndugu msomaji, si kushtaki.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, chukua karatasi ya miraba ya mtoto wako. Kila mlinganyo wa mafumbo mawili, kama ule wa maandazi na chapati, ukichorwa hutoa mstari mnyoofu. Ndiyo sababu huitwa milinganyo ya mstari. Mistari miwili ikikatana, pale inapokatana ndipo penye jibu. Ikilaliana, majibu hayana idadi. Ikienda sambamba kama reli, jibu halipo.

Elimu hii si ya jana. Wachina waliijua tangu karibu miaka 2,000 iliyopita. Katika kitabu chao cha hesabu chenye sura tisa, sura ya nane yote inahusu matatizo ya namna hii. Tatizo lake la kwanza ni la mavuno: matita ya nafaka ya daraja tatu, na swali ni kila tita la daraja gani hutoa kiasi gani. Waliyafumbua kwa kupanga vijiti vya kuhesabia katika safu na kutoa safu moja katika nyingine, kama tulivyofanya na stakabadhi. Neno aljebra lilitoka katika kitabu cha al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, ambaye alieleza kwamba elimu yake ingewafaa watu katika mirathi, biashara na upimaji wa ardhi. Jina matriksi lilitolewa na Mwingereza James Joseph Sylvester mwaka 1850, na rafiki yake Arthur Cayley akaeleza kanuni zake mwaka 1858.

Taifa nalo ni jiko kubwa. Kiwanda cha nguo huhitaji umeme. Mtambo wa umeme huhitaji chuma. Kiwanda cha chuma huhitaji makaa na umeme uleule. Mchumi Wassily Leontief aliupanga uchumi wa Marekani katika jedwali la namna hiyo, na mwaka 1949 akatumia kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard kufumbua milinganyo 42 yenye mafumbo 42. Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alichokitafuta kwa mtambo ndicho tulichokitafuta kwa kalamu: kila kitu kimekula kiasi gani cha kingine.

Nyumbani kwa jirani yangu sasa pana daftari lenye safu nne: maandazi, chapati, unga na fedha. Binti ndiye anayeliandika kila jioni, na mama ndiye anayelisoma. Ile nauli ilirudi katika kopo.

ZOEZI LA JUMA HILI. Fundi cherehani ameshona mashati na magauni. Shati hula mita 2 za kitambaa na ujira wake ni shilingi 8,000. Gauni hula mita 3 na ujira wake ni shilingi 12,000. Ametumia mita 46 na amepokea shilingi 184,000. Je, ameshona mashati mangapi na magauni mangapi? Fikiri kwanza, ndipo usome mstari ufuatao.

JIBU: Haiwezekani kujua. Ujira ni shilingi 4,000 kwa kila mita, kwa hiyo kitambaa na fedha vinasema neno moja. Huenda ni mashati 2 na magauni 14, au mashati 14 na magauni 6, na majibu mengine yapo. Muulize fundi jumla ya nguo zote. Akisema ni 20, basi mashati ni 14 na magauni ni 6.