Alama za mchezo nazo zataka uadilifu

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii ilinijia akilini muhula uliopita, nilipowaruhusu wanafunzi wangu wa isimu kufanya mazoezi ya mazungumzo kwa mchezo wa kuigiza wahusika unaochezewa mezani. Kwa wasioujua, kila mchezaji hujitwalia mhusika, awe mpiganaji, mchawi au kasisi, naye kiongozi wa mchezo husimulia mikasa inayowakabili. Wachezaji hueleza watakalotenda, na mara nyingi dadu huamua iwapo wamefaulu. Hatimaye kiongozi hugawa alama za tajiriba. Zikitosha, mhusika hupanda daraja.

Mimi niliamua kumtuza kila mmoja kwa kadiri alivyozungumza. Kumbe nilikosea! Kufikia kikao cha tatu, vijana wawili wenye ndimi nyepesi walikuwa wamewaacha wenzao nyuma, ilhali binti mmoja mkimya, aliyetuchorea ramani ya mapango yote, alibaki pale pale. Kikao cha nne hakuja. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, ramani haina alama."

Hapana shaka suala hili lina historia ndefu. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, ulitoa alama kwa kuua mazimwi na kwa kujipatia hazina: kipande kimoja cha dhahabu, alama moja. Isitoshe, mpiganaji alihitaji alama 2,000 kufikia daraja la pili, mchawi 2,500 na kasisi 1,500. Wachezaji werevu waling'amua upesi kwamba hazina ina faida kuliko vita, wakawa wananyemelea dhahabu na kuyakwepa mazimwi. Toleo la 1989 liliifanya kanuni ya dhahabu kuwa ya hiari. Lile la 2000 likawawekea wahusika wote jedwali moja. Nalo la 2014 likaruhusu kundi zima lipande pamoja lifikapo hatua muhimu ya hadithi.

Mabadiliko hayo yanatufunza jambo moja: alama si zawadi tu, bali ni sheria. Ukilipa dhahabu, utaona wachimbaji. Ukilipa maneno, utapata kelele. Tena dhuluma ya alama huzaana. Aliyepanda daraja huwa na nguvu zaidi, akatenda mengi zaidi, akatuzwa zaidi. Aliyeachwa nyuma hana hata nafasi ya kujaribu.

Kwa maoni yangu, basi, kiongozi mwadilifu hutangaza mapema kinachotuzwa, na ushindi wa pamoja huugawa sawa kwa sawa. Akitaka kumpongeza mtu mmoja, na ampongeze kwa njia isiyompandisha juu ya wenzake, kama vile kumruhusu arudie kutupa dadu mara moja.

Wapo watakaouliza: je, mvivu naye ale jasho la wenziwe? Swali hili ni la haki. Hata hivyo, tuchunguze kwanza kama huyo tumwitaye mvivu amewahi kupewa kazi anayoiweza. Mchezo wa RuneQuest wa mwaka 1978 una funzo hapa: mhusika huimarika katika stadi ile aliyoitumia akafaulu, na asiyeijua sana ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kusonga mbele. Waliouunda walielewa kwamba mwanagenzi ndiye anayehitaji ngazi.

Walimu wenzangu, tunapoziweka alama za kazi za vikundi darasani, ni mara ngapi tumemtuza msemaji tukamsahau mchora ramani? Nanyi wanafunzi, ni mara ngapi mmekubali jina la mwenzenu likose kutajwa?

Nilibadilisha kanuni zangu hadharani na kukiri kosa. Binti yule alirejea kikao cha sita akiwa na ramani mpya, na bado ni mkimya. Sasa lakini wenzake hawaingii pangoni kabla ya kumuuliza njia.