Acheni kuwasha seva upya, mshtakini draiva

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Kazi yangu ni kuandika programu, si kutengeneza printa. Lakini ukisomea kompyuta, ndugu na marafiki wanaamini unajua kila kitu chenye waya. Ndivyo nilivyojikuta asubuhi moja katika chuo fulani, siku ya kwanza ya mitihani. Pale huingii kwenye chumba cha mtihani bila kadi iliyochapishwa, na foleni ya wanafunzi ilikuwa imefika getini. Printa sita, zote kimya. Kijana wa IT alikuwa anawasha seva upya kwa mara ya nne. Ikiwaka, kadi mbili tatu zinatoka, halafu kimya tena. Wanafunzi wakaambiwa ule wimbo tunaoujua sote: "Hakuna netiweki."

Uongo. Netiweki ilikuwa nzima. Seva ilikuwa nzima. Printa tano kati ya sita hazikuwa na kosa lolote.

Ngoja nieleze. Kwenye Windows, kazi zote za kuchapisha hupitia huduma moja, Print Spooler, ambayo ni programu iitwayo spoolsv.exe. Mimi nitaiita spula. Draiva ya kila printa isipotengwa hupakiwa ndani ya spula hiyo hiyo, zote chumba kimoja. Draiva moja ikigusa memori isiyo yake, haifi peke yake. Inakufa na spula nzima, na printa zote za ofisi zinanyamaza. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ni methali nzuri, lakini si namna ya kuunda seva.

Na kwa nini kuwasha upya hakusaidii? Kwa sababu ile kazi iliyoiua spula bado imehifadhiwa kwenye diski, ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS. Spula ikiamka inaiokota, inaikabidhi kwa draiva ile ile, inakufa tena. Unaweza kuwasha seva mpaka jioni.

Sasa tugawane lawama. Watengenezaji wa printa kwanza. Hawa wanauza mashine kwa bei ya kutupa, faida yao iko kwenye wino, na draiva wanaiandika kama mtu anayekimbilia matatu.

Microsoft nao hawaponi. Kwenye Windows NT 4.0 ya mwaka 1996 draiva za printa zilikaa ndani kabisa ya kiini cha mfumo, kwa hiyo draiva mbovu iliweza kuangusha mashine nzima na kukuachia skrini ya bluu. Mwaka 2009, kwenye Windows 7 na Server 2008 R2, hatimaye walileta dawa: draiva inaweza kutengwa kwenye programu yake, PrintIsolationHost.exe. Ikianguka, inaanguka huko huko. Safi. Lakini tazama walivyoipanga: usipobadilisha kitu, draiva hutengwa tu ikiwa faili yake ya usakinishaji imetamka kwamba inakubali kutengwa. Isiposema, inaachwa ndani ya spula. Ni kumuuliza mlevi kama angependa kunyang'anywa funguo za gari!

Wapenzi wa Linux, najua mnacheka. Kweli CUPS, iliyotolewa 1999, huendesha vichujio vyake kama programu tofauti, kimoja kikifa kazi moja ndiyo inakwama. Lakini Septemba 2024 mlikuwa mnakimbizana kuzima cups-browsed kwa sababu ya mashimo ya usalama, kwa hiyo kaeni chini.

Wa tatu ni sisi mafundi. Dawa ipo tangu 2009 na bado tunabonyeza kitufe cha kuwasha. Fanya hivi:

1. Andika net stop spooler. Hamisha faili za .SPL na .SHD kutoka ile folda. Usizifute, ni ushahidi. Kisha net start spooler. Waambie watu watume kazi zao upya.

2. Fungua Event Viewer, logi ya Application, tafuta tukio namba 1000 lenye spoolsv.exe. Palipoandikwa "Faulting module name" utaona DLL iliyoanguka. Ukikuta ntdll.dll usifunge kesi, mara nyingi hapo ndipo maiti ilipookotwa tu, muuaji ni mwingine. Rudi uangalie zile kazi ulizohamisha zilikuwa za printa gani.

3. Fungua printmanagement.msc, nenda Drivers, bofya mshukiwa kwa kitufe cha kulia, chagua Set Driver Isolation, kisha Isolated.

4. Draiva za printa ambazo hazipo tena, ziondoe pamoja na vifurushi vyake. Seva si stoo.

Pale chuoni hatua ya pili ilitupa jibu: draiva ya kijiprinta cha wino cha karani mmoja, cha matumizi ya nyumbani, ambacho mtu alikiunganisha kwenye seva ili "kisaidie". Tulikitoa, na kadi zikaanza kutiririka.

Lakini mtihani ulikuwa umeanza saa tatu. Wa mwisho kwenye foleni waliingia wamechelewa dakika arobaini, na hakuna aliyewaongezea muda. Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu amesoma muhula mzima, amelipa karo, halafu anapoteza dakika arobaini kwa sababu ya DLL moja na uvivu wetu wa kusoma logi.

Windows 11 toleo la 24H2, la mwaka 2024, ina hali ya kuchapisha bila draiva za watengenezaji kabisa. Naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini hali hiyo inataka printa zinazoiweza, na nyingi ninazokutana nazo maofisini ni kuukuu.

Kwa hiyo kesho ukifika kazini, kabla ya chai, fungua ile orodha ya draiva. Ukiona usiyoijua, itenge. Na ukimwambia mtu kwenye foleni kwamba hakuna netiweki, hakikisha kwanza ni kweli.