Tamko la Wazazi na Wanafunzi wa Vyuo vya Goma: Msaada wa Masomo Ufuate Uhitaji

Kwa viongozi wa vyuo vya juu vya Goma, kwa wenye mamlaka juu ya elimu, kwa makanisa na misikiti, kwa mashirika ya misaada, na kwa wakaaji wote wa mji wetu.

Sisi, wazazi na wanafunzi wa vyuo vya ufundi, biashara na afya mjini Goma, tunatoa tamko hili kwa jambo moja: kijana anayefaulu asikatizwe masomo kwa sababu kwao kumeishiwa.

Tunavitaja vyuo hivi makusudi. ISTA, ISC na ISTM ndiko wanakokwenda watoto wa Majengo, Katoyi, Ndosho na Mugunga, pamoja na wale wanaoshuka kutoka Masisi na Rutshuru na diploma ya serikali mkononi. Huko ndiko mji unakopata mafundi wa umeme, wahasibu na wauguzi. Ni vyuo vya serikali, lakini mwanafunzi hulipa minervali, yaani ada ya masomo, hulipia mtihani, staji na kazi ya mwisho wa masomo. Hesabu hufanywa kwa dola, ilhali mzazi anashika franga, na siku nyingine hashiki kitu.

Zamani tulijua namna ya kulipa. Mzazi wa Masisi aliuza ng'ombe. Wa Rutshuru aliuza maharage. Mama wa Birere, hapa mjini, alingoja zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana. Njia hizo zimekatika moja baada ya nyingine. Tarehe 22 Mei 2021 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka na kuunguza nyumba za watu. Kuanzia 2022 vita viliwasukuma wakulima hadi kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Rusayo. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yaliingia mjini kwenyewe. Mabenki yakafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na mwezi uliofuata kambi zikabaki tupu. Aliyekuwa na ng'ombe hana tena, na aliyeweka akiba benki hakuweza kuifikia.

Nchi hii iliwahi kuwalipa wanafunzi wake posho. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium waliandamana Kinshasa wakidai iongezwe, na askari wakawafyatulia risasi. Kizazi kile kilidai nyongeza. Watoto wetu hawana hata kitu cha kuongezewa. Tunashukuru kwamba elimu ya msingi bila malipo, iliyoandikwa katika ibara ya 43 ya Katiba ya 2006, ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Lakini mtoto akifika chuo, mzigo wote unarudi kwa mzazi.

Wenzetu wa Afrika Mashariki wametangulia. Tanzania ina Bodi ya Mikopo tangu 2005, na katika mwaka wa masomo 2023/24 ilianza kukopesha hata wanafunzi wa stashahada. Kenya mwaka 2023 ilianza kuwapanga wanafunzi katika makundi kwa kadiri ya uhitaji wa familia, na wengi wakalalamika kuwa wamewekwa kundi lisilo lao. Tumejifunza hapo: fomu peke yake haiijui nyumba ya mtu. Jirani anaijua.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

1. Mwanafunzi asitolewe katika chumba cha mtihani kwa ajili ya deni. Deni liandikwe, lilipwe kidogo kidogo kwa mapatano.

2. Kila chuo kiwe na mfuko wa msaada, unaosimamiwa na komite ya chuo, wanafunzi na wazazi. Yaulizwe matatu: nani analisha nyumba, watoto wangapi wanasoma, na familia imepoteza nini. Kwa upande wa pointi, kufaulu kupanda mwaka kutoshe.

3. Uhitaji uthibitishwe na mkuu wa mtaa pamoja na mkuu wa nyumba kumi, bila malipo. Majina ya wanaosaidiwa yasibandikwe ukutani. Umaskini si jambo la kumtangazia mtu.

4. Minervali ilipwe moja kwa moja chuoni. Pesa ya usafiri na staji impate mwanafunzi kwa simu.

5. Binti, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kuachishwa masomo nyumba inapolazimika kuchagua, apewe nafasi sawa. Na yeyote atakayemdai chochote ili asaidiwe aondolewe na kushtakiwa.

6. Mashirika yanayosaidia shule za watoto waliohamishwa yawafikirie pia ndugu zao wakubwa walio chuoni.

Nasi hatuji mikono mitupu. Kila mmoja wetu atatoa fungu katika mfuko, kwa utaratibu ule ule wa likelemba tunaoujua. Kilichoingia na kilichotoka kitasomwa hadharani, mbele ya wazazi, kila baada ya miezi mitatu. Mwenzetu atakayeshuhudia uongo ili mtoto wake apate haki ya mwingine ataondoka katika komite siku hiyo hiyo.

Hatuombi mtihani urahisishwe. Tunaomba mtoto aliyejiandaa aufikie. Tunangoja jibu la vyuo kabla ya orodha ya watakaoingia sesheni ijayo ya mitihani kubandikwa, kwa sababu jina likikosekana pale, mwaka mzima wa kijana umekwenda.

Limetolewa Goma, Kivu ya Kaskazini.
Komite ya wazazi na wanafunzi, kwa niaba ya wote.