Khumsi ya mali ya Mtambwe

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Juzi baada ya sala ya Isha nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana mmoja wa hapa hapa Wete. Jina lake halitatajwa, na kama unamjua basi msitiri. Anasema amepata mgeni kutoka nje, mtu mzima, mpole, ana mashine ya kutafutia madini ardhini, ile wanayoiita ditekta. Mgeni anataka kupelekwa Mtambwe Mkuu usiku, maji yakishapwa. Ujira ni mzuri, na wakipata kitu watagawana nusu kwa nusu. Kijana wangu hakuniuliza kama inafaa. Aliniuliza hivi: "Sheikh, ile khumsi niitoe kabla ya kugawana au baada?"

Nimeurudia ujumbe ule mara tatu. Kijana anajua kwamba kuna kitu kinaitwa rikazi na kwamba ndani yake mna haki ya moja ya tano, na kwa hilo namshukuru mwalimu wake wa madrasa. Lakini ameikamata khumsi kama mtu anayenawa udhu kwa maji ya kuiba, halafu anauliza aanze mkono wa kulia au wa kushoto.

Nianze na mashine yenyewe, maana nawajua, kuna watakaosema Sheikh ameharamisha na hili. Sijaharamisha. Huko Ulaya na Marekani wako wastaafu wengi wanaonunua gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, wakafunga nyumba, wakaanza kuzunguka nchi. Leo wamelala ufukwe huu, kesho ule. Asubuhi mzee anavaa visikizi vyake, anapitisha mashine juu ya mchanga taratibu, mkewe anachemsha chai. Video zao zimejaa, na vijana wetu wanazitazama usiku kucha. Asili ya mambo ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza, na kutembea katika ardhi ya Mwenyezi Mungu kwa mazingatio ni jambo tulilohimizwa. Mimi naona bora mtu atembee ufukweni na ditekta kuliko akae barazani kula nyama za ndugu zake.

Wala mashine ile haina uchawi. Chini kuna koili, duara la waya linalopitisha umeme na kutoa nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo ikigusa chuma au fedha ndani ya mchanga, madini yale yanajibu kwa umeme mdogo wa kwao, na mashine inalia. Sarafu moja ikizama zaidi ya shubiri moja au moja na nusu hivi, mashine nyingi za kawaida haziisikii tena. Mchanga uliolowa maji ya chumvi nao unaisumbua. Na ikilia haijui imelilia nini: dinari, msumari wa ngalawa, au kizibo cha soda. Mara nyingi ni kizibo cha soda.

Sasa tuseme unatembea nayo Vumawimbi ukaokota pete ya dhahabu ya mtalii, au bangili ya bi harusi aliyekuja kupiga picha. Hiyo ni luqata, mali iliyopotea kwa mwenyewe, na hukumu yake mnaijua. Sahaba Ubayy bin Kaab (r.a.) aliokota mfuko wenye dinari mia moja. Mtume (s.a.w.) akamwamuru autangaze mwaka mzima. Akatangaza, hakupata mwenyewe, akarudi, akaambiwa atangaze tena. Dinari mia, ndugu zangu, zimo mkononi mwake na hakuna aliyemwona. Wewe umeokota pete, tangazo lako liko wapi? Umeuliza hotelini? Umepeleka habari kwa sheha? Simu unayo, kundi la WhatsApp la mtaa unalo, mbona la harusi unalitangaza?

Hapo ni mchanga wa leo na vitu vya leo, na jambo ni jepesi. Mtambwe Mkuu ni jambo jingine.

Wengi wetu hapa Wete tunaitazama Mtambwe kila siku ng'ambo ya maji, na tunachoona ni mikoko. Hatujui tunatazama nini. Mwaka 1984 watafiti waliokuwa na Mark Horton walifukua pale hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu, kati yake zimo za Fatimiyya. Ilizikwa karne ya 11 miladi, karne ya 5 ya Hijra. Hesabu mwenyewe: ni karne nne na zaidi kabla Mreno hajaliona pwani hii. Zile za fedha ni vijisarafu vidogo, vyepesi, lakini vina maandishi ya Kiarabu. Upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande mbili zile zinakwenda kwa vina. Jina moja linalosomeka ni Ali bin al-Hasan, na jina hilo hilo linasomeka katika sarafu za shaba za Kilwa.

Fikiri maana yake. Tumeambiwa kwa miaka mingi kwamba sisi wa visiwani tulikuwa watu wa kupokea tu, kila kitu kililetwa na jahazi. Hapa kuna Waislamu wa pwani hii ambao miaka mia tisa na zaidi iliyopita walikuwa na mtawala, wana fedha yao wenyewe, na wakaona fedha hiyo haipendezi mpaka itajwe tegemeo lao kwa Mwenyezi Mungu kwa vina. Mimi nikiwaza hivyo nywele zinanisimama.

Na hapo ndipo swali la kijana wangu linapoanguka. Anadhani kinachotoka Mtambwe ni rikazi. Fungueni kitabu cha zaka katika Minhaj ya Imam Nawawi, ambacho masheikh zetu wa Kishafi wamekisomesha kizazi baada ya kizazi. Rikazi ni mali iliyozikwa zama za Jahiliyya, na katika kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu ni dhahabu na fedha tu, ikifika kiwango cha nisabu. Hiyo ndiyo unayotoa moja ya tano hapo hapo bila kusubiri mwaka. Lakini kilichopatikana kikiwa na alama ya Uislamu, jina la mfalme wa Kiislamu au maneno ya dini, hicho si rikazi. Mwenyewe akijulikana ni chake, asipojulikana hukumu yake ni luqata. Hata ukitia shaka ni cha zama zipi, kinarudi kwenye luqata. Na wako maulamaa wa madhehebu waliokwenda mbali zaidi, wakasema mali ya namna hiyo haikupotea, ilifichwa na mwenyewe kwa kusudi, kwa hiyo aliyeiona hana njia ya kuimiliki kabisa, bali inahifadhiwa daima, au kiongozi anaihifadhi katika Baytulmali.

Basi sarafu yenye jina la Ali bin al-Hasan na utajo wa Mola, utaiitaje ya Jahiliyya? Khumsi yake unatoa ya nini? Huwezi kutoa zaka ya kitu ambacho si chako.

Halafu kuna ardhi. Imam Nawawi hakuacha mlango wazi: aliyekuta rikazi anaimiliki akiipata katika ardhi mfu isiyo na mwenyewe, au ardhi aliyoihuisha yeye. Akiipata katika ardhi ya mtu, ni ya mwenye ardhi akiidai, asipoidai inarudi kwa aliyemuuzia, na hivyo hivyo hadi kwa yule wa kwanza aliyeihuisha. Sisi Wapemba hili tunalielewa bila kitabu. Mpeta ulioanguka chini ya mkarafuu wa watu huokoti mpaka uombe ruhusa, ingawa karafuu zenyewe ziko chini na hakuna aliyezipanda juu kuzichuma. Iweje iwe haya kwenye karafuu na isiwe haya kwenye dhahabu? Na magofu yetu mengi yana misikiti na makaburi ndani yake. Ras Mkumbuu kuna msikiti wa Ijumaa. Mtambwe kuna watu wamezikwa. Kuvunja mfupa wa maiti tumefundishwa ni kama kuuvunja akiwa hai, na ditekta haijui kutofautisha shimo na kaburi.

(Ndugu zetu Maibadhi, ambao ni wengi upande huo wa Mtambwe, wawarejee masheikh zao katika matawi ya fiqhi. Sijasikia hata mmoja wao anayehalalisha kuingia ardhi ya watu usiku.)

Sasa nije kwenye hoja ninayoiheshimu, kwa sababu si ya kipuuzi. Kijana atasema: Sheikh, nyinyi mnasema tusiguse, halafu watafiti wanakuja kutoka mbali, wanachimba, wanaandika vitabu kwa lugha nisiyoisoma, na mimi wa hapa sina kazi. Msimu wa karafuu ni miezi michache tu. Mzungu akichimba ni elimu, mimi nikichimba ni wizi?

Hoja hii ina haki ndani yake na sitaifunika. Ni kweli kwamba elimu ya Mtambwe haijafika Mtambwe. Mtoto wa skuli hapa Wete anatajiwa wafalme wa Ulaya na hajasikia habari ya sarafu zilizotoka ng'ambo ya bandari yake. Wenye mamlaka wanadaiwa hilo, na sisi wahubiri tunadaiwa pia, maana mimbari tunazo.

Lakini tofauti ya wachimbaji hao wawili si rangi. Wewe mwanafunzi wa dini nitakueleza kwa lugha yako. Hadithi ikikujia bila isnadi unaifanya nini? Maneno yanaweza kuwa mazuri mno, na bado huwezi kuyasimamisha, kwa sababu hujui nani kayapokea kwa nani. Sarafu nayo ina isnadi yake: tabaka la udongo ililolalia, kigae kilichokuwa ubavuni mwake, shanga, jivu, sakafu ya nyumba iliyoifunika. Mtafiti anayechimba kwa brashi na kipimo anaandika wapokezi wote hao. Anayechimba usiku kwa tochi anaichomoa sarafu peke yake na kuwaua mashahidi wake. Ikifika mnadani nje, inakuwa kipande cha fedha chenye maandishi tu. Hakuna atakayeweza kusema kwa yakini kwamba ilitoka Pemba, na mtu akisema kesho kwamba ililetwa na wengine, hutakuwa na cha kumjibu.

Ndiyo maana hata huko kwao mgeni yule hafanyi anavyotaka kufanya kwetu. Uingereza, nchi ambayo mchezo huu una watu wengi, ina sheria ya hazina ya mwaka 1996. Ukipata hazina unatakiwa uripoti ndani ya siku 14, na maeneo ya kale yaliyolindwa huingii na mashine bila idhini. Mwaka 2009 mtu mmoja mwenye ditekta, Terry Herbert, alipata hazina kubwa ya dhahabu katika shamba la mtu huko Staffordshire. Aliripoti. Hazina ilithaminiwa zaidi ya pauni milioni 3, ikaenda makumbusho, na malipo yakagawanywa baina yake na mwenye shamba. Sasa mtu anayejua kuomba ruhusa kwao, akija kwetu anataka usiku. Kwa nini usiku? Jiulize hilo kabla ya kuuliza habari ya khumsi.

Nina neno dogo kwa kundi jingine, wanaotafuta "rupia za Mjerumani" na kuambiwa na mganga kwamba mali ina jini mlinzi, lazima achinjiwe mbuzi mweusi. Kuchinja kwa ajili ya jini ni shirki, hakuna mjadala. Na Mjerumani hakuitawala Pemba. Rupia zake alizipiga kuanzia 1890 mpaka 1916 kwa ajili ya koloni lake la bara. Mbuzi wako ataliwa na mganga.

Kijana wangu, jibu lako ndilo hili. Usimpeleke usiku. Ujira wa kumwongoza mtu kwenye kitu kisicho halali nao una hukumu yake. Mwambie mgeni wako, kwa adabu, kwamba Zanzibar kuna Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, na vibali vya kuchimba vinatoka huko. Mwende pamoja mchana. Akikubali, basi ni mtu mwema, na huenda ukapata kazi ya halali ya kumtembeza Mtambwe, Ras Mkumbuu, Chwaka na Pujini akiwa na kamera yake tu, mashine imebaki chumbani. Akikataa, umeshajua alichokuja kufanya. Na kama huko nyuma ulishaokota kitu chochote pale, hata kipande kimoja, usikiuze na usikisafishe kwa ndimu. Kifunge kwenye kitambaa, andika siku na mahali ulipokiokota, uniletee Jumamosi baada ya Alasiri, tukipeleke sisi wawili. Sitamwambia mtu ni cha nani.

Darsa ya Jumanne tutaendelea na mlango wa luqata. Njooni na vitabu.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.