Alama 96 Chini ya Paa la Mabati

Jumapili moja mwezi uliopita, jirani yangu wa hapa Kapsoya, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alimtuma kijana wake aje kuniita upesi. Nilidhani kuna mgonjwa. Nilipofika nilimkuta ameketi mbele ya sanduku la mbao lililochomwa maandishi ya Kifaransa ubavuni, miwani puani, akiisoma karatasi iliyokuja nalo kwa makini ya mtu anayesahihisha mtihani wa taifa.

Ndani ya sanduku mlikuwa na chupa sita za mvinyo mwekundu kutoka Bordeaux, Ufaransa, wa mavuno ya mwaka 2019. Karatasi ilidai kwamba mvinyo huo umepata alama 96 kwa 100, kwamba waweza kuhifadhiwa hadi mwaka 2045, na kwamba bei yake haina budi kupanda. Ulikuwa umemgharimu shilingi 84,000 kutoka katika kiinua mgongo chake. Muuzaji alikuwa amempa wiki mbili aamue kama atachukua masanduku mengine manne.

"Daktari," aliniuliza, "wewe uliyesoma kwa Wazungu, alama 96 si A hiyo?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa maana halimhusu yeye peke yake. Tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, neno "uwekezaji" limekuwa likitamkwa hapa kwetu kama dua, na aghalabu hutamkwa mbele ya watu waliotoka kupokea malipo ya uzeeni. Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wasije wakasema kuwa mwalimu amewahimiza ulevi. Ninachokichunguza hapa ni alama, na thamani ya alama ni jambo wanalolijua vyema.

Kwa kweli ni sisi walimu tuliozizaa alama hizo. Mtindo wa kuupa mvinyo alama kwa 100 ulienezwa na Mmarekani Robert Parker, wakili aliyeanzisha jarida lake mwaka 1978 na ambaye kipimo chake alikiazima kutoka katika shule za kwao. Ndiyo sababu kipimo hicho hakianzii sufuri bali 50. Mvinyo wowote, hata ukaribie siki, hupewa 50 kwa kuhudhuria darasa tu! Mavuno ya Bordeaux ya mwaka 1982, aliyoyasifu ilhali wengine wakisitasita, yalimjengea jina, na kwa miongo kadhaa hadi alipostaafu mwaka 2019, tarakimu iliyotoka katika kalamu yake iliweza kuitajirisha familia ya mkulima au kuiacha na maghala yaliyojaa.

Kabla yake palikuwa na utaratibu mkongwe zaidi. Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Paris yaliyoandaliwa na Napoleon III, madalali wa Bordeaux waliyapanga mashamba ya mvinyo mwekundu katika madaraja matano kwa kufuata bei zilizokuwa zikilipwa sokoni. Orodha ile ingali inatumika. Badiliko kubwa linalokumbukwa ni la mwaka 1973, Mouton Rothschild ilipopandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza. Hebu fikiria mtoto anayeingia shule ya kitaifa leo kwa matokeo ya baba wa babu yake.

Lakini jambo lililomshtua jirani yangu ni lingine. Mvinyo wa Bordeaux huonjwa na watahini hao ukiwa ungali mapipani, miezi michache tu baada ya mavuno, kabla haujatiwa chupani. Hata unapoonjwa tena ukiwa chupani, bado ni mchanga. Alama za awali basi ni utabiri. Nasi tuliofundisha enzi za KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, twajua maana ya kumtabiria mtoto wa miaka 13 maisha yake yote kwa tarakimu moja. Wapo waliopata alama za kupigiwa vigelegele kisha wakachakaa, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu ya mahali walipopelekwa baadaye.

Mvinyo nao huchakaa kwa sababu ya mahali. Hapa naomba niingie kidogo katika taaluma yangu. Kiswahili kina maneno mawili ya kinywaji hiki, mvinyo, lililotoka kwa Wareno, na divai, lililotoka kwa Wafaransa. Yote mawili ni ya kukopa. Lakini sifa ambayo huuwezesha mvinyo mwekundu kuishi miaka mingi ina jina letu wenyewe, nalo ni ukakasi. Mpwani anaujua ukakasi kwa bibo au ndizi mbichi. Sisi wa bara twaujua kwa chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Ni ile hali ya ulimi kukauka na mashavu kuvutwa ndani. Katika mvinyo hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na pia kwenye mapipa ya mwaloni. Miaka inavyopita, chembe zinazouleta huungana, huwa nzito na hatimaye kutua chini pamoja na machicha, na kinywaji hulainika. Mvinyo usio na ukakasi na uchachu wa kutosha hauna cha kulainika. Ukiuweka miaka kumi utakuta umekufa. Sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa duniani ni wa aina hiyo, nao umetengenezwa unywewe mapema. Hakuna aibu katika hilo. Dodoma, ambako wamishonari walileta zabibu katika miaka ya 1950 na ambako mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka, mvinyo mwingi hunywewa ungali mchanga, na watu hufurahi.

Kazi hiyo ya kulainika, hata hivyo, huhitaji ubaridi usiobadilika, wa nyuzi 12 hadi 14 hivi, giza, na kizibo kisichokauka. Joto huiharakisha kazi na kuiharibu, kama mtu anayeivisha ndizi kwa moto. Sasa tazama safari ya sanduku la jirani yangu. Lilipita baharini katika kontena, likashushwa Mombasa, ambako hata usiku ni joto, likapanda takriban kilomita 800 hadi huku. Je, lilikaa bandarini siku ngapi? Lilikaa katika ghala la nani? Karatasi yenye alama 96 haikusema lolote juu ya hayo. Na alipolifikisha nyumbani, mwalimu alikuwa amezitoa chupa mbili akazisimamisha katika kabati la vioo sebuleni, mkabala wa dirisha, ili wageni wazione. Chupa ikisimama muda mrefu kizibo hukauka, hewa huingia, na kinachobaki ni siki ya bei ghali.

Twajidanganya kwamba kwa kuwa Eldoret iko juu, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, basi mji mzima ni ghala la mvinyo. Ni kweli kwamba wastani wa joto letu, wa nyuzi 17 hivi, ungewafanya watu wa Mombasa watuonee wivu. Lakini wastani ni mdanganyifu, kama wastani wa darasa. Chini ya paa la mabati lisilo na dari, saa nane mchana mwezi wa Februari ni jiko, na saa kumi alfajiri twajifunika mablanketi mawili. Kupanda na kushuka huko kila siku hukifanya kizibo kipumue, na mvinyo hauna haja ya kupumua kiasi hicho.

Majirani zangu Wakalenjin hawahitaji kufundishwa haya. Mtu anapokaribishwa mursik, hapewi alama za ng'ombe. Hutaka kujua ni maziwa ya nani, kibuyu kimesafishwa na nani, na kama kimefukizwa makaa ya mti wa senetwet jinsi ipasavyo. Sifa ya kitu kinachohifadhiwa huulizwa kwa aliyekihifadhi. Ulaya nao, kwa bei wanazotajirikia, huuliza hivyo hivyo. Mvinyo wa kuuzwa tena hukaa katika maghala maalumu ukiwa na nyaraka za kila mahali ulipopita. Hata kwa ulinzi wote huo, Rudy Kurniawan aliweza kuwauzia matajiri wa Marekani mvinyo wa bandia aliouchanganya nyumbani kwake, hadi alipokamatwa mwaka 2012 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2014.

Kisha nikamfikishia mwalimu hoja niliyodhani ingemaliza maneno. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 hairuhusu mtu kuuza kileo bila leseni, na leseni hizo siku hizi hutolewa na kaunti. Atamuuzia nani masanduku matano, na kwa leseni ipi? Mnunuzi wa London hatakubali chupa zilizolala Kapsoya bila hati yoyote. Mnunuzi wa hapa hatalipa bei ya London. Alichouziwa kama akiba hakina mlango wa kutokea.

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama najua alitoka na nini Januari 2008. Nilijua kwa juujuu tu. Wakati huo hakuwa anaishi Kapsoya. Alitoka, akasema, na vyeti vyake, redio, na mtoto mgongoni, wakalala katika kambi ya Uwanja wa Maonyesho pamoja na maelfu ya wengine. Magunia ya mahindi aliyokuwa ameyahifadhi akingoja bei ipande yaliteketea yote. Tangu siku hiyo hajanunua kitu kisichoweza kubebwa na watu wawili.

"Kila uchaguzi ukikaribia, Daktari, watu hapa huanza kuulizana vitu vyao watavipeleka wapi. Nimeanza kusikia swali hilo tena kwa ajili ya 2027. Mjukuu wangu amezaliwa mwaka huu. Nilipoona mwaka 2045 kwenye karatasi ile, sikuona pesa. Niliona kitu ambacho mtu hawezi kukinunua isipokuwa ana hakika atakuwa pale pale."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na hoja za bei, za sheria na za ukakasi, na zote zilikuwa sahihi, ila hazikuwa zimeulizwa.

Masanduku manne hakuyachukua. Katika hilo alinisikiliza. Hilo moja tulilihamishia chumba cha viazi, nyuma ya nyumba, chenye ukuta wa mawe na dari, mahali jua la alasiri halifiki. Tulizilaza chupa zote, tukalifunika sanduku kwa magunia. Nilinunua kipimajoto kidogo, na kwa wiki nzima mwalimu aliandika vipimo katika daftari asubuhi na alasiri. Ni kati ya nyuzi 16 na 19. Si Bordeaux, lakini si jiko.

Tumeafikiana tufungue chupa ya kwanza mwaka 2031, ya pili miaka mitatu baadaye, tujue ukakasi umefikia wapi. Ikiwa umekwisha mapema, tutazinywa zilizosalia bila kungoja 2045. Kwenye ubao wa sanduku ameandika kwa chaki, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, jina la mjukuu. Mimi nimepewa kazi ya kuleta kizibuo.