Kitunguu Saumu Kikiota, Usikitupe

Ndugu msomaji, tazama vitunguu saumu ulivyoweka jikoni. Huenda vingine vimekwisha kuota. Chipukizi la kijani limetokeza kwenye ncha ya punje.

Watu wengi wakiona hivyo huvitupa. Husema, "Vimeota, sasa ni sumu." Sivyo. Kitunguu saumu kilichoota hakina sumu. Ukikitupa, umetupa fedha zako.

Kwa nini huota?

Kitunguu saumu kina uhai. Ndani ya kila punje umelala mche mdogo. Siku zikipita, mche huo huamka. Hula chakula kilichomo ndani ya punje. Ndiyo sababu punje iliyoota hulegea na kunywea. Ladha yake hupungua, na chipukizi lake huwa na uchungu kidogo.

Namna ya kupika

1. Menya punje, kisha ipasue katikati kwa urefu.
2. Toa chipukizi kwa ncha ya kisu.
3. Twanga punje kwenye kinu au ikatekate.
4. Kama punje imenywea, ongeza kidogo. Ulipozoea kutia punje 2, tia 3.
5. Kaanga kitunguu maji kwanza. Kikilainika, tia kitunguu saumu. Usikiache kiungue, maana kikiungua huwa kichungu.

Ukipika maharage, mchuzi wa nyama au pilau, si lazima kutoa chipukizi. Uchungu wake hausikiki. Lakini ukitia kitunguu saumu kibichi katika kachumbari, litoe.

Tupa punje iliyooza, yenye ukungu au yenye harufu mbaya. Hiyo haifai kuliwa.

Viazi si kama kitunguu saumu

Hapa tuwe waangalifu sana. Viazi mviringo vikiota au vikiwa vya kijani, huwa na sumu. Sumu hiyo imo zaidi katika machipukizi, katika macho ya kiazi na katika ganda la kijani. Kuchemsha hakuiondoi. Mtu akiila huumwa tumbo, hutapika na kuharisha. Mtoto mdogo hudhurika upesi zaidi.

Kama kiazi bado ni kigumu na machipukizi yake ni madogo, kata machipukizi pamoja na macho yake. Kisha menya ganda na utoe sehemu yote ya kijani. Kama kiazi kimelegea, kina kijani kingi au ni kichungu, kitupe. Usimpe mbuzi wala ng'ombe, kwani nao hudhurika.

Punje zilizoota sana zipande

Usizimenye. Chomeka kila punje katika udongo laini, ncha yake ikiwa juu. Ifukie sentimita 3 hadi 5. Acha sentimita 10 hivi kati ya punje na punje. Kitunguu saumu hupenda baridi, ndiyo maana hustawi Mbulu na Lushoto. Penye joto jingi huenda usipate vichwa vizuri. Lakini majani yake utayakata na kuyatia katika mchuzi. Hata kopo kuukuu lililotobolewa chini linatosha kupandia.

Kuviweka visiote upesi

Vitundike mahali pakavu, penye kivuli na hewa. Usivifunge katika mfuko wa plastiki, kwani unyevu huviozesha.

Ndugu msomaji, kumbuka mambo mawili. Kitunguu saumu kilichoota, kipike. Kiazi mviringo kilichoota, kichunguze kwanza. Ukimaliza kusoma habari hii, msomee jirani yako ambaye hajajua kusoma. Naye ana jiko, naye ana watoto.